Gobore, Gumegume na Bunduki ya Mifuo

Wafasiri wengi wa vitabu vya historia huita kila silaha ya moto "bunduki". Neno hilo si kosa, ila ni pana mno, na upana wake huficha sababu za kushinda na kushindwa katika vita vya kupinga ukoloni. Katika makala haya tunakusudia kuzipambanua silaha hizo.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita Mgunda Mkali, pori lililo katika Mkoa wa Singida wa leo, na gobore zilisafiri nayo. Gobore ni bunduki ijazwayo baruti na risasi kwa mdomoni. Aina zake hutajwa kwa namna ya kuwasha baruti: ya mrao huwashwa kwa utambi, ya gumegume kwa cheche za jiwe, na ya fataki kwa kugongwa fataki. Kasiba yake ni laini ndani, na risasi hupita humo kwa ulegevu. Kupita hatua 100 hivi, kulenga ni kubahatisha. Baada ya mlio mmoja mpigaji hushika tena mdeki, na adui asogea. Bunduki ya mifuo huizungusha risasi, nayo hufika mbali bila kupotoka.

Tofauti hii ilikuwa ya kisheria pia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki za mifuo sehemu kubwa ya Afrika, bali uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifuo. Mfasiri aandikaye "bunduki" pote huufanya mkataba huo usieleweke.

Vitani, gobore ilifaa karibu na nyuma ya kuta. Boma la Isike huko Unyanyembe, ambamo gobore zilikuwamo, lilirudisha mashambulio ya Wajerumani mwaka 1892, likaanguka Januari 1893. Uwanjani mambo yalikuwa mengine: Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Majimaji walikatwa na bombomu kabla ya silaha zao kufaa. Huko Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe walishinda kwa kuvizia, hasa kwa mikuki, kwa kuwa waliifuta ile nafasi ambayo bunduki ya mifuo huitegemea.

Singida yenyewe yatuonya tusiitie bunduki mahali isipotajwa. Masimulizi ya Wanyaturu juu ya Liti, mwanamke aliyewapinga Wajerumani, husifu nyuki, si baruti.

Basi twapendekeza: "gobore" kwa bunduki ya kujazwa mdomoni yenye kasiba laini, "gumegume" au "ya fataki" pale aina ijulikanapo, "bunduki ya mifuo" kwa ile yenye mifuo, na "bunduki ya viasi" kwa ile ijazwayo nyuma. Maneno haya ni ya Kiswahili cha zamani; kazi yetu ni kuyarudisha darasani na ofisini, ili mwanafunzi asidhani kuwa babu zake walishindwa kwa uoga.