Uaminifu: Umbo la Neno na Historia Yake Masasi

Neno uaminifu lina utata ambao kanuni za unyambulishaji pekee haziutatui. Kiambishi -fu au -vu kinapopachikwa kwenye kitenzi, aghalabu huzaa sifa ya mtenda: msikivu ni anayesikia, msahaulifu ni anayesahau, mdanganyifu ni anayedanganya. Kwa kanuni hiyo, mwaminifu angekuwa mtu anayeamini. Katika matumizi, hata hivyo, anayeamini ni mwamini au muumini. Mwaminifu ni yule anayeaminiwa na wengine. Makala haya yanadai kwamba maana hiyo imeegemea neno amana, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na amini, na kwamba historia ya Masasi inadhihirisha uzito wake.

Amana ni mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Katika biashara ya misafara ya karne ya 19, matajiri wa pwani waliwakabidhi bidhaa mawakala waliokwenda bara, na baadhi ya mawakala hao walikuwa watumwa wao. Mtumwa wa namna hiyo angeweza kusifiwa kuwa mwaminifu ilhali hapakuwa na aliyewajibika kwake. Hapo uaminifu ulipakana na utii.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, kupitia Lindi, hadi Masasi. Huko, kati ya Wamakua, Wayao na Wamakonde, watu hao walianza kuwa na mashamba, ndoa na ahadi zao wenyewe. Mwaka 1882 Wangoni walikivamia kijiji. Baadhi ya wakazi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, na sehemu ya misheni ikahamia Newala kwa Matola. Tukio hilo liligeuza swali. Aliyepimwa sasa hakuwa mlindwa tu, bali pia mlinzi aliyekabidhiwa maisha ya watu.

Pande hizo mbili zingali katika sarufi. Tukisema "karani mwaminifu", tunamsifu asiyekula cha mtu. Tukiongeza kihusishi, "mwaminifu kwa chama", maana inasogea kwenye utiifu. Ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichoasisiwa mwaka 1954, zilimtaka awe mwaminifu; palipokosekana tofauti hiyo, uadilifu na utiifu viliweza kuchukuliwa kuwa kitu kimoja.

Mkulima wa Lisekese anayepeleka korosho zake chama cha msingi, chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara mwaka 2007, anamrejesha mwaminifu kwenye maana yake ya awali. Ameacha mali, ameondoka na karatasi. Haulizi iwapo karani anamtii mkubwa wake. Anauliza iwapo mizani na malipo vitalingana na alichokabidhi. Kwa hiyo uaminifu si sifa ambayo mtu hujipa mwenyewe. Hushuhudiwa na mwenye amana.