Dirisha la Dawa

Machi 2024 nilimsindikiza mama kuchukua dawa zake za presha katika hospitali moja ya binafsi mjini Morogoro. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi. Kadi ya bima aliitoa kwenye pochi kabla hatujafika getini, kama abiria anayeandaa nauli daladala likiwa bado mbali.

Kijana wa dirisha la dawa aliangalia kompyuta, kisha akamwangalia mama.

"Shikamoo, mama. Hii ya kwanza tunakupa. Hii ya pili haimo kwenye kitita kipya. Labda ulipie."

"Marahaba, mwanangu. Na hela yangu inayokatwa kila mwezi, yenyewe imo?"

Kijana akanyamaza. Sikumlaumu, maana swali lile limeanza kabla yeye hajazaliwa.

Kizazi cha bibi yangu hakikukatwa kitu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, matibabu yalihesabiwa kuwa jukumu la Serikali, na mwaka 1977 sheria ikapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara. Dawa ilikuwa bure, ikiwepo. Miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba na fedha za kigeni zikaadimika, kabati za zahanati nyingi zilibaki tupu. Mgonjwa alipewa huduma bure na karatasi ya kwenda kutafuta dawa anakokujua.

Mwaka 1991 milango ilifunguliwa tena kwa hospitali binafsi. Mwaka 1993 ikaja sera ya uchangiaji, ikianzia kwenye hospitali kubwa za Serikali. Mwaka huohuo iliundwa Bohari ya Dawa. Mfanyakazi akaanza kuingia hospitali akiwa ameshika noti mkononi, na mshahara wa mwalimu haukuwa na noti nyingi za kushika.

Ndipo ikatungwa sheria ya mwaka 1999 iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma. Hesabu yake ilieleweka: asilimia 6 ya mshahara, nusu kutoka kwa mwajiriwa, nusu kwa mwajiri. Mwenye mshahara wa shilingi 700,000 anakatwa 21,000 kabla hajaiona hela yenyewe. Kwa makato hayo anatibiwa yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Hakuna aliyeulizwa kama anataka kujiunga. Ukiajiriwa, umeingia.

Watu walinung'unika, kisha wakazoea. Kadi ikawa heshima ya ajira. Nakumbuka wajomba zangu wakulima wakimwambia mama, "Wewe una kadi," kwa sauti ileile ya kumwambia mtu kwamba ana nyumba ya bati.

Lakini kadi ina mkataba ambao wenye kadi hatukuusoma. Mfuko haulipii kila anachoandika daktari. Unalipia kilichomo kwenye orodha, kwa bei iliyopangwa. Orodha hiyo ndiyo kitita, na kitita hubadilika. Kile kilichokuwa kipya siku ile kilipangwa kuanza Januari 2024, kikaahirishwa hadi Machi 1. Mfuko ulisema bei zake zimefuata hali ya soko. Wenye hospitali binafsi wakasema kwa bei hizo watafanya kazi kwa hasara, na baadhi wakasitisha kuwahudumia wanachama. Kwa siku kadhaa kadi ileile iliyokuwa heshima ikawa haifungui mlango.

Nataka kuwa mkweli: Mfuko nao una hoja. Ripoti za CAG zilikuwa zimeonyesha ukitumia zaidi ya unachokusanya. Kisukari, presha na figo ni maradhi ya kila mwezi, hayaishi kwa dozi moja. Senti ya mama inamsafisha damu mwalimu mwenzake ambaye figo zimegoma, na mama mwenyewe hana ugomvi na hilo. Lazima mtu achague kipi kilipiwe.

Kinachomuuma ni jinsi uchaguzi unavyofanyika. Makato hayajatikisika tangu 2001, yanafika kila mwezi bila kukosa. Orodha inabadilishwa mezani kwa watu wengine, na mwenye mshahara anapata habari akiwa kwenye foleni, kutoka kwa kijana asiyehusika. Azimio lilimwahidi dawa, uchangiaji ukamwomba avumilie, bima ikamwambia amekwisha kulipa. Kila mara mabadiliko ameyajulia palepale dirishani.

Siku ile mama alihesabu noti akanunua vidonge vya wiki mbili. Vingine, alisema, tutaona mwisho wa mwezi. Mshahara ulipoingia nilimwomba nione hati yake. Kwenye mstari wa bima ya afya, tarakimu zilikuwa zilezile za Februari.