Kitovu cha uzito: taichi na kondoo wa Idi

Vitabu vya fizikia huandika "kitovu cha graviti". Darasani sina ugomvi nacho, ila kwa anayejifunza kujihami kwa taichi, sanaa ya mapigano ya Kichina, napendelea "kitovu cha uzito": nukta ambamo uzito wote wa mwili huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Mtu mzima akisimama wima, nukta hiyo huwa chini kidogo ya kitovu cha tumbo. Wachina nao huiweka papo hapo dantian, yaani kiini cha nguvu za mwili, na mwanafunzi wa taichi huambiwa kila mwendo uanzie hapo.

Neno "kitovu" lina mtego wake. Kitovu cha tumbo hakihami. Cha uzito huhama. Nyanyua mikono, kinapanda. Inama sana, kinaweza kutoka mwilini kabisa kikawa hewani mbele ya tumbo.

Hakieleweki bila mwenzake, kitako: ardhi iliyo chini ya nyayo na kati yake. Mstari wa wima kutoka kitovu cha uzito ukiangukia ndani ya kitako, umesimama. Ukitoka nje na usiwahi kusogeza mguu, unaanguka, uwe na misuli ya namna gani.

Mtu aliyewahi kumlaza kondoo wa Idi anaijua hesabu hii. Mwenye ujuzi hashindani na mnyama. Humpindia kichwa ubavuni, akavuta makalio upande wake huku akirudi hatua moja nyuma. Miguu ya nyuma haiwahi kuufuata uzito, kondoo anakaa chini.

Ndivyo taichi inavyomkabili anayekusukuma kifuani. Humpingi. Unakunja magoti ili kitovu chako kishuke, unageuza kiuno, nguvu yake inapita pembeni. Kwa kuwa alitegemea kukukuta pale, kitovu chake sasa kiko ukingoni mwa kitako. Msukumo mdogo kuelekea upande usio na mguu unamtosha. Akikunyooshea mkono, huo ni wenzo na bega ndilo egemeo: ukiuzungusha kwa kushika kifundo cha mkono utatumia kani ndogo kuliko ukishika karibu na bega.

Lakini ile taichi ya polepole ya asubuhi, peke yake, haimfundishi mtu kujihami (na mbele ya kisu, kimbia). Ndiyo maana, inasemekana tangu enzi za Chen Wangting wa kijiji cha Chenjiagou, anayetajwa kuwa mwasisi wa taichi katika karne ya 17, kuna zoezi la wawili, tuishou: mikono imegusana, kila mmoja akitafuta kwa ngozi, si kwa macho, kitovu cha mwenzake kinaelekea wapi.