Hatamu: Kutoka Kichwa cha Mnyama hadi Kiti cha Utawala

Neno hatamu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambamo hutaja kamba ya kumwongozea ngamia. Neno lijamu nalo lilipitia Kiarabu likitokea Kiajemi, na hutaja hasa chuma kitiwacho kinywani mwa farasi. Kigwe, kamba ishikwayo na mpandaji, ni neno lenye asili ya Kibantu.

Wengi wa wasemaji wa Kiswahili waliyajua maneno haya bila kumiliki farasi. Mbung'o, waenezao ugonjwa wa nagana, walizuia ufugaji wa farasi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na mwambaoni mnyama wa kazi alikuwa hasa punda. Kwa hiyo haishangazi kwamba maana ya kitamathali ya hatamu ilistawi kuliko ile ya kifaa chenyewe.

Ustawi huo ulifikia kilele chake katika siasa ya Tanzania. Mwaka 1975 katiba ya muda ilirekebishwa ili kutambua ukuu wa chama, na Katiba ya mwaka 1977 ikauendeleza baada ya TANU na ASP kuungana kuwa CCM. Ukuu huo uliitwa "Chama kushika hatamu". Haikuwa kauli tupu. Mwalimu Julius Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985, alibaki mwenyekiti wa chama hadi mwaka 1990. Kwa miaka 5, Rais Ali Hassan Mwinyi aliongoza serikali huku kilele cha chama kikiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, ukuu huo wa kikatiba ulikoma, lakini msemo ulibaki. Hadi leo mshindi wa uchaguzi husemwa kuwa ameshika hatamu za uongozi. Hapo ndipo penye utata. Hatamu haikamiliki bila mpandaji na mpandwa. Msemo humtaja wa kwanza na kumnyamazia wa pili. Ibara ya 8 ya Katiba, kwa upande wake, huwafanya wananchi kuwa chimbuko la mamlaka yote. Kwa mantiki ya ibara hiyo, mwananchi si mnyama aongozwaye, bali ndiye mwenye hatamu. Kiongozi amekabidhiwa tu, na sheria ndiyo lijamu ya kumzuia asipotoke. Lugha ya siasa bado haijaufuata mpangilio huo.