Steringi

Mkazi wa Dodoma aliyewahi kubanana kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu, haulizi mhusika mkuu ni nani. Anauliza, "Steringi yupi?" Neno limetokana na lile la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji mwanzoni mwa filamu. Watazamaji wetu walilifanya cheo, na cheo kina masharti: steringi hupigwa, hulia, huimba, lakini hafi. Mpinzani wake ni "adui", basi, hata kama ni mjomba wake.

Mfano wangu ni filamu ya Disco Dancer ya mwaka 1982. Mithun Chakraborty ni Jimmy, kijana maskini anayepanda jukwaani hadi kuwa nyota wa disko. Maadui wanatega umeme kwenye gitaa lake. Mama yake anaugusa mtego kabla yake na kufa. Tangu hapo Jimmy anaogopa magitaa, na mashindano makubwa yanamngoja! Mavazi yanametameta kama karatasi za peremende, machozi hayakauki, na muziki wa Bappi Lahiri hauachi mtu akae kimya. Msomi atakwambia ni upuuzi, kisha utamkuta anautazama usiku kwa sauti ya chini, mlango umefungwa.

"Mhusika mkuu" linafaa darasani, maana Okonkwo wa riwayani ni mhusika mkuu na anakufa. Steringi ni kiumbe kingine. Wahariri, liandikeni neno hili bila alama za mtajo, na bila kuona haya.