Sumu ya Mshale, Dawa ya Moyo

Ukitoka Nakwa, mjini Babati, ukapanda Mbulu kisha ukateremka upande wa magharibi, unafika Bonde la Yaeda, nchi ya Wahadzabe. Wawindaji wa huko hupaka mishale sumu inayopikwa kutokana na mimea kama Strophanthus, na sumu hiyo husimamisha moyo wa mnyama. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa. Inayobaki huliwa, na mlaji hadhuriki. Ujuzi huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana.

Mnamo miaka ya 1858 hadi 1863, daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alisafiri na David Livingstone katika nchi za Zambezi na Shire. Alichukua sampuli za sumu ya mishale ya huko, iliyotokana pia na Strophanthus, akaweka mswaki wake mahali pamoja nazo. Alipopiga mswaki alionja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Vitabu vya tiba humsifu Kirk, lakini waliotangulia kuujua mmea huo ni wawindaji, na wanastahili kutajwa kwanza.

Huko Edinburgh, Thomas Fraser alitenga kiini cha mmea huo, strofanthini, na mwaka 1885 akaeleza jinsi kinavyosaidia moyo uliochoka. Hata hivyo, dawa ya kumeza ilileta matokeo yasiyotabirika, kwa kuwa utumbo hufyonza strofanthini kidogo sana. Ndiyo sababu nyama ya mawindo haiui. Mwaka 1906, Albert Fraenkel aliichoma moja kwa moja kwenye mshipa, polepole, kwa kipimo kisichozidi miligramu moja. Wagonjwa waliokuwa wakihema kwa shida walipata nafuu upesi. Lakini aliyekuwa ametoka kutumia dawa ya moyo iitwayo dijitalisi angeweza kufa kwa sindano hiyohiyo, maana dawa zote mbili hugusa sehemu moja ya moyo.

Sehemu hiyo ni pampu ya sodiamu na potasiamu kwenye seli, aliyoitambua Jens Skou wa Denmark mwaka 1957, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Pampu ikizuiwa kiasi, kalsiamu huongezeka ndani ya seli na msuli hukaza zaidi. Ikizuiwa kupita kiasi, mapigo huvurugika. Leo baadhi ya wagonjwa wa moyo hupewa digoksini, dawa inayomezeka iliyo ndugu wa strofanthini, na kabla ya kuwaongezea dozi daktari huangalia mapigo, figo na potasiamu ya damu.