Lazareti za Malale: Nani Alimchunga Mchungaji?

Tarehe 27 Februari 1905 mganga Mwingereza, jina lake Joseph Dutton, alikufa hapa Kasongo. Umri wake ulikuwa miaka 30. Yeye na mwenzake John Todd, mtu wa Kanada, walisafiri katika Kongo tangu 1903 kuuchunguza ugonjwa wa malale. Njiani walitambua pia kwamba papasi, wadudu wale wakaao katika nyufa za nyumba, huleta homa ya kurudiarudia iitwayo kimputu. Homa hiyo ndiyo iliyomwua Dutton.

Todd alirudi Ulaya na shauri lao: wagonjwa watafutwe kwa kugusa tezi za shingo, kisha watengwe na wazima. Serikali ya Mfalme Leopold ilikubali, na katika miaka iliyofuata lazareti zilijengwa, ndizo nyumba za wagonjwa wa malale. Nia ilikuwa njema, maana malale iliwaua watu maelfu kwa maelfu. Lakini nia njema haitoshi kuongoza nyumba.

Mgonjwa aliondolewa kwao, mara nyingi kwa nguvu, akawekwa mbali na ndugu zake. Mlangoni walisimama askari. Wenye kupotewa na akili walifungwa minyororo. Chakula kilikuwa haba. Mganga mmoja alipewa nchi kubwa mno, na siku nyingi nyumba ilibaki mikononi mwa walinzi. Huko Ibembo, upande wa kaskazini, masista waliwauguza wagonjwa kwa uvumilivu, lakini upendo wa masista wachache haukuweza kushinda taratibu mbaya. Watu walitoroka. Vijiji vilipoona wanaokwenda hawarudi, vilianza kuwaficha wagonjwa wao. Hivyo nyumba iliyojengwa kuzuia ugonjwa iliufanya ujifiche.

Na dawa je? Ilikuwa atoksili, yenye sumu ndani yake. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, aliwatibu wagonjwa katika visiwa vya Sese, Uganda. Alipoongeza kipimo, watu 22 walipofuka, wasione tena kamwe. Ungedhani somo hilo lilitosha. Lakini kati ya 1928 na 1930 huko Bafia, Kameruni, mganga mmoja alizidisha kipimo cha dawa nyingine, tiriparsamidi, na watu wapata 700 wakapofuka. Sindano ziliendelea siku kwa siku, wala hakutokea mtu wa kumzuia kwa wakati. Wagonjwa wenyewe walijua kwamba macho yanafifia. Lakini nani aliwauliza?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, ndugu zangu. Waganga hawa hawakuwa wauaji. Dutton alitoa uhai wake. Kosa lilikuwa kwamba mwenye kutibu ndiye aliyejipima mwenyewe, na mwenye kutibiwa hakuwa na mlango wala kinywa.

Baadaye mambo yaligeuka polepole. Jamaa waliruhusiwa kukaa karibu na wagonjwa wao. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, waganga wenye kuzunguka walianza kwenda vijijini, badala ya kuwakusanya watu wote nyumba moja. Hapa petu Kasongo, katika miaka ya 1970, waganga wa Chuo cha Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wauguzi wetu, walijenga vituo vya afya karibu na watu, na kazi ya kila kituo ilikaguliwa kwa utaratibu. Na tangu 2018 iko dawa ya kumeza, fexinidazole, ambayo mgonjwa huinywa siku kumi baada ya kula, mbele ya macho ya muuguzi.

Leo nasi tunazo nyumba za wazee, za yatima na za wagonjwa. Tusidhani kwamba msalaba ukutani watosha kuzilinda. Ndugu waingie bila kuomba ruhusa ya askari. Dawa iandikwe kitabuni, na kitabu kisomwe na mtu asiye wa nyumba ile. Mkaguzi asiishie ofisini kunywa chai. Akae kitandani pa mgonjwa, amwulize amekula nini jana.

Siku ya mwisho Bwana atatuuliza kama tuliwatembelea wagonjwa. Kuwatembelea ni huruma. Tena ni ulinzi. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Basi Jumapili hii, baada ya Misa, twendeni.